Hodi Kilindini: siku kumi na mbili kutoka Salalah

Siku ya 1

Saa kumi jioni kamba ya mwisho ilifunguliwa na tukatoka Salalah, Oman. Meli yetu si kubwa, ina falka nne, yaani vyumba vya mzigo, na zote zimejaa jasi, yale mawe meupe yanayochimbwa milima ya Dhofar, nyuma ya bandari hii. Ni kama tani 16,000, na zote zinakwenda bandari ya Kilindini, Mombasa. Viwandani jasi husagwa pamoja na klinka, malighafi kuu ya saruji, ili saruji isigande kabla fundi hajaitandaza. Ukipaka plasta nyumba yako ukapata muda wa kulainisha ukuta, kuna jasi humo, na huenda ilivuka bahari hii.

Mimi ni ofisa wa tatu. Nahodha wetu ni Mhindi wa Kerala, mtu wa maneno machache, na desturi yake ni kumkabidhi ofisa wa tatu makaratasi yote ya bandari. Kabla rubani, yule anayeongoza meli kuingia na kutoka bandarini, hajashuka, wakala alinipa karatasi ya kwanza ya safari: ruhusa ya kuondoka Salalah, ina mhuri na sahihi. Bandari unayokwenda huiuliza hiyo kabla ya kitu kingine. Meli isiyoweza kuonyesha imetoka wapi, na kwa ridhaa ya nani, hukaribishwa kwa mashaka.

Safari hii ina uzito kwangu. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, na miezi saba sijaonana na mama. Nakwenda kuingia bandari ya kwetu ndani ya meli ya bendera ya watu wengine, kwa hiyo lazima nibishe hodi kama mgeni yeyote.

Siku ya 2

Mchana kutwa nimeshinda mezani. Fomu za kuingia bandarini zinafanana karibu dunia nzima kwa sababu ya mkataba uliopitishwa mwaka 1965 wa kurahisisha usafiri wa baharini. Mabaharia tunaziita kwa namba. Ya kwanza ni tamko la jumla la meli, ya pili shehena, ya tatu vyakula na vifaa vya meli, ya nne mali za mabaharia, ya tano orodha ya mabaharia wenyewe. Ya sita ni abiria, ambao hatuna, na ya saba mizigo ya hatari. Zamani nahodha alibeba rundo la nakala kwa kila idara. Tangu 1 Januari 2024 nchi za mkataba huo zinatakiwa kupokea taarifa hizi kwa dirisha moja la kielektroniki, na kazi imepungua kweli. Lakini kompyuta haikusahihishii jina la mtu. Nikiandika jina la mpishi wetu tofauti na lilivyo kwenye pasipoti yake, ni yeye atakayezuiliwa getini, mimi hapana.

Juu ya hizo kuna taarifa ya usalama, yenye bandari kumi za mwisho tulizopita na kiwango cha ulinzi katika kila moja. Utaratibu huo ulianza kutumika 1 Julai 2004. Nimezipanga kumi zetu kwa tarehe, nikazihakiki kwenye daftari la meli mara mbili.

Halafu nikafika kwenye hati ya usafi wa meli. Hii hutolewa na idara ya afya ya bandari baada ya ukaguzi wa panya, wadudu, maji ya kunywa, jiko na zahanati, na muda wake ni miezi sita. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwenye kalenda. Yetu inakwisha siku ya 6. Mombasa tunafika siku ya 7.

Nilipaswa kuiona Salalah, ambako tulilala gatini siku nne na tungeweza kuomba ukaguzi. Sikuiona. Nilipanda kumwambia nahodha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwandikie wakala wa Mombasa sasa hivi. Usimfiche kitu." Niliandika barua nikiambatanisha hati yenyewe, nikaomba maofisa wa afya wa Mombasa waje kutukagua mara tukifika. Wakala alijibu usiku: ombi limepokewa, ila ruhusa ya afya haitatoka mpaka ukaguzi umalizike. Yaani hakuna mtu kushuka wala mzigo kuguswa.

Siku ya 3

Tumepita pembe ya Afrika tukiwa mbali na nchi. Zamu zimeongezwa: watu wawili nyuma usiku, nyaya za miiba pembezoni mwa sitaha, milango ya chini imefungwa kwa ndani. Makampuni ya meli yaliliondoa eneo hili kwenye orodha ya hatari kubwa ya maharamia kuanzia 1 Januari 2023, na wengi tukashusha pumzi. Desemba mwaka huohuo meli ya mizigo MV Ruen ikatekwa, na hadi jeshi la wanamaji la India linaikomboa ilikuwa Machi 2024. Kwa hiyo tunapiga ripoti na tunakesha.

Siku ya 4

Kaskazi inatusukuma kwa nyuma, meli inatembea zaidi ya maili 12 kwa saa bila kutumia nguvu nyingi. Ndiyo njia ya majahazi: yalitoka Arabuni na Ghuba kwa upepo huu, yakarudi kwao kwa kusi. Babu alinihadithia Bandari ya Kale ikiwa imejaa majahazi miezi hii, mtu anavuka kutoka chombo hadi chombo bila kulowa mguu. Nao walikuwa na taratibu zao za kuingia, forodha na daktari, kabla ya kuteremsha gunia hata moja la tende.

Saa zimerudishwa nyuma saa moja. Tuko na saa ya nyumbani sasa.

Siku ya 5

Leo zamu ya kadi za njano. Tuko ishirini: Wafilipino kumi na wawili, Wahindi saba na mimi. Kila mmoja ameleta kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, na hiyo imetuokolea usumbufu mwingi, kwa sababu kadi za zamani zilikuwa za miaka kumi na wengi walisahau. Ila mtu aliyechanjwa juzi lazima zipite siku kumi ndipo kadi ihesabike. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitahani, aliileta yake imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko ndani ya bahasha. Anasema aliwahi kuzuiliwa melini siku tano bandari moja kwa sababu kadi ililowa na mhuri ukafutika.

Niliandika pia tamko la afya: hakuna mgonjwa, hakuna kifo, hakuna homa. Nikalipeleka kwa nahodha kutia sahihi.

Jioni nilimpigia mama kwa intaneti ya setilaiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mumefika wapi?"

"Tuko mbele ya Mogadishu, mbali baharini. Kesho kutwa niko hapo nje."

"Meli yenu rangi gani?"

"Chini nyekundu, juu nyeusi, nyumba nyeupe nyuma."

"Basi n'takuja pale ufukweni Mama Ngina na leso yangu ya kisutu. Wewe nitizame."

Sikumwambia habari ya hati. Angekesha.

Siku ya 6

Tumevuka mstari wa Ikweta kabla ya alasiri. Usiku saa sita hati yetu ya usafi ikafa. Nilikuwa macho.

Siku ya 7

Alfajiri harufu ya nchi ilitufikia kabla ya nchi yenyewe. Saa mbili asubuhi tuliita kituo cha bandari kwa redio na tukaambiwa tusubiri: rubani kesho saa moja asubuhi. Tumeelea nje, injini tayari. Tuko katika bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa wakati wa bamvua hupita mita tatu, kwa hiyo saa ya kuingia huchaguliwa kwa makini.

Mchana nilipanda na kibaharia mmoja hadi mlingotini kupandisha bendera mbili. Ya kwanza ni ya Kenya, ambayo kila meli ngeni huipandisha kwa heshima ya mwenyeji. Nilihakikisha ni mpya, haina uzi uliochomoka, na nyeusi iko juu. Ya pili ni ya njano tupu, isiyo na alama. Maana yake kwa lugha ya bahari: meli yangu ni nzima, naomba ruhusa ya afya. Ndiyo hodi yenyewe. Mtu wa pwani hasukumi mlango wa mwenzake hata kama uko wazi. Hubisha, akangoja aitikiwe. Na bendera ile hubaki juu mpaka mwenye nyumba aseme karibu.

Usiku taa za Nyali na Likoni zilikuwa zinaonekana.

Siku ya 8

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa upande wa kulia wa sitaha nikikagua ngazi ya kamba. Kazi hii siifanyi kwa haraka, marubani wameshakufa kwa ngazi mbovu. Nilikipiga tochi kila kidato, kimoja kimoja. Vyote vimelala sawa, hakuna kilichopasuka, hakuna kilichopakwa rangi, maana rangi huficha ufa na huteleza. Ubao mrefu unaozuia ngazi isijiviringe uko mahali pake. Kamba zimefungwa kwenye pete za sitaha, hazikufungwa kwenye reli. Boya lenye taa liko pembeni, na kamba nyepesi ya kuvutia mkoba wake. Nahodha aligeuza meli kidogo ili upande ule uwe na utulivu.

Boti ya rubani ilikuja ikirukaruka. Rubani akasubiri wimbi liinue boti mpaka juu kabisa, akashika kamba zote mbili, akapanda bila kutazama chini. Alipokanyaga sitaha nikamwambia, "Asalaam aleikum, karibu." Akanikazia macho.

"Waleikum salaam. Wewe wa wapi?"

"Kibokoni."

"Basi twende nikupeleke kwenu."

Kutumia rubani Mombasa ni lazima kwa meli kama yetu, na ukiiona njia utaelewa. Kaskazini kuna mwamba wa Leven, kusini mwamba wa Andromache, yote miwili ikibeba majina ya manowari za Kiingereza zilizofika hapa mwaka 1824. Kati yake ndiko kwa kupita. Unazishika taa za kuongoza za Ras Serani mpaka zisimame mstari mmoja, na kabla hujamaliza kufurahi unatakiwa kukata kona kuingia mkondoni, huku maji yakikusukuma ubavuni. Mbele kulia niliona Ngome ya Yesu ilivyokaa kwenye mdomo wa Bandari ya Kale. Zamani chombo cha tanga kilielekea kule. Mvuke ulipokuja, meli zikawa ndefu na nzito, zikahamia upande wa pili wa kisiwa kwenye kilindi, na jina la Kilindini linasema hivyohivyo: mahali penye maji marefu.

Mama Ngina ni karibu mno. Aliyesimama pale ukutani unamwona uso. Nilikuwa nje ya chumba cha usukani na daftari la maneva mkononi, naandika kila amri ya injini na dakika yake. Kulikuwa na wauza mihogo, watoto wa shule, na kando ya mbuyu mwanamke mwenye leso ya kisutu ameishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, ikipepea. Niliinua mkono mmoja. Rubani aliniona, akampungia naye. Kisha akasema, "Polepole mbele," nami nikaandika: 07:52, polepole mbele.

Feri mbili za Likoni zilisimama zikatungoja, zimejaa watu na matuktuk. Nimesimama ndani ya feri ile maisha yangu yote nikingoja meli ipite, nikiuliza kimoyomoyo waliomo ndani ni nani.

Tagi mbili zilitupokea, moja omo na moja tezi, zikatusukuma ubavu kwa ubavu na gati. Saa nne kasoro kamba zote zilikuwa zimefungwa, na juu ya kila kamba tukaweka sahani ya bati ya kuzuia panya, hao wasitoke kwetu wala wasiingie kutoka nchi kavu.

Maofisa walipanda saa saba: afya, uhamiaji, forodha, na wakala akiwa na faili kifuani. Wa forodha alihesabu sigara na vinywaji, akafunga stoo kwa lakiri yenye namba. Wa afya alikuwa mama wa makamo, viatu vizito, daftari dogo. Aliifungua hati yetu.

"Hii imekwisha juzi."

"Ndiyo, mama. Tulileta taarifa tukiwa baharini."

"Nimeiona. Nyinyi mumesema mapema. Wengine hungoja nigundue mwenyewe." Akainuka. "Tuanze jikoni."

Aligusa kuta za friji, akatazama chini ya meza, akanusa debe la unga, akauliza maji ya kunywa yamewekewa klorini lini na nani ameandika. Zahanati alisoma tarehe za dawa moja moja. Nikaanza kuona mwanga. Kisha akapanda kwenye boti ya uokoaji, akabonyeza turubali lake. Palikuwa na dimbwi dogo, la maji ya kuoshea sitaha. Akachota kidogo kwa kifuniko cha chupa, akakiinua juani, akaniita. Ndani mlikuwa na viluwiluwi vya mbu, vitatu, vinajikunjakunja.

Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi zaidi ya mara moja. Mbu wake anataka maji safi kiasi cha kisoda. Nilisimama pale nimeshika kile kifuniko, nyumba ya mama iko mwendo mfupi kutoka hapo, nikaelewa hasa bendera ya njano inaomba nini.

Tulimwaga, tukakausha, tukakagua kila turubali na kila kona ya sitaha inayotuamisha maji, yeye akisimamia. Saa kumi na moja na nusu akatuandikia hati mpya. Haikuwa ya msamaha, ambayo hupewa meli isiyokutwa na kitu. Ilikuwa ya udhibiti, yenye maelezo ya tulichokutwa nacho na tulichofanya. Ni haki. Ruhusa ya afya ikatoka. Niliteremsha ile bendera ya njano mwenyewe, nikaikunja.

Pasi za kushuka, uhamiaji walisema kesho. Usiku nilisikia adhana ya isha kutoka mjini, nikaswali sitahani.

Siku ya 9

Makucha ya kreni yalianza alfajiri kuchota jasi na kuimwaga kwenye faneli kubwa, chini yake malori yanapokezana. Vumbi jeupe limetanda. Vijana wa gati wamejifunga vitambaa usoni. Ningependa kuona wamepewa barakoa zinazofaa, maana kitambaa hakizuii vumbi hili.

Saa nne pasi zikafika. Nimepita bandari ambazo baharia anakaa gatini wiki nzima bila kuruhusiwa kukanyaga nje ya geti. Wanakuwa na gati refu, kina kirefu, kreni za kisasa, na mtu aliyeleta mzigo wao anautazama mji kwa dirisha kama mfungwa. Kushuka ni haki, imeandikwa katika Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia. Bandari nzuri naijua hapo. Leo pasi zilikuwa ishirini, na hakuna jina hata moja lililokosewa.

Niliwaambia wenzangu: kofia ngumu na koti la kung'aa mpaka getini, msikatize njia za malori, na msibebe mfuko wa plastiki, umepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Wawili nilikwenda nao nyumbani, serahangi na kijana wa injini. Mama alikuwa ameandaa mahamri na mbaazi za nazi. Serahangi alipoingia alimwinamia, akauchukua mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama wafanyavyo kwao kwa wazee. Mama alidhani anataka kuubusu, akamwombea dua papo hapo. Wakakaa wakila, hawaelewani neno, wanacheka.

Nilimsimulia habari ya viluwiluwi. Akasema, "Yule mama Mungu amlinde," akainuka kwenda kukagua pipa lake.

Siku ya 10 na 11

Mzigo unashuka. Kadiri falka zinavyokuwa tupu ndivyo tunavyovuta maji ya bahari kwenye matangi ya chini ili meli isielee kama kopo. Maji ya Kilindini yamejaa viumbe vidogo, mayai ya kaa, vijidudu. Ukiyamwaga Durban, tuendako, umewahamisha wakazi wa bahari moja kwenda nyingine. Kwa hiyo yanapitia chujio na taa maalumu ya kuua viumbe. Tangu 8 Septemba 2024 kila meli inayofungwa na mkataba wa maji hayo lazima ifikie kiwango hicho, na kila tangi lina mstari wake daftarini.

Taka zetu tumezipeleka nchi kavu kwa stakabadhi: plastiki mbali, mafuta machafu mbali. Maji ya kunywa hatukuchukua. Mombasa yenyewe ina kiu, na mtambo wetu unatosha.

Siku ya 12

Tumesafisha falka. Kabla ya rubani kufika tulitafuta wazamiaji meli nzima: chini ya nanga, ndani ya bomba la moshi, kwenye maboti, nyuma ya kamba. Vikundi vinne, kila kimoja na orodha yake, na nahodha akatia sahihi kwamba hakuna. Wakala akaleta ruhusa ya kuondoka, mhuri na sahihi, sawa na ile ya Salalah.

Tulitoka saa kumi na moja jioni, meli nyepesi, imesimama juu sana majini, feri za Likoni zikitungoja tena. Mama alikuwa pale kwenye mbuyu na majirani wawili. Rubani aliposhuka nje ya miamba nilimwangazia ngazi kidato kwa kidato mpaka akakanyaga boti.

Afrika Kusini inamtaka kila anayetoka Kenya aonyeshe kadi ya homa ya manjano. Baada ya chakula cha usiku nilipita tena chumba kwa chumba kuzikusanya. Serahangi alifungua bahasha, akafungua mfuko, akafungua kitambaa. Kitambaa kilikuwa kipya, kipande cha kisutu.